Mwanangu, Utashukaje?

Mwanangu Athumani,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Lamu tu wazima, ila mamako hapati usingizi tangu uliposema kwamba Jumapili wewe na wenzako wa chuo mtakwenda Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuukwea Mnara wa Fischer. Mimi pia silali, nisimsingizie yeye peke yake.

Ulinieleza mengi ya kupanda: kwamba mnara una mita 25, kwamba ni zaha (lava) iliyoganda kooni mwa volkano ya kale, na kwamba pimbi wa pale hawaogopi watu. Nilifurahi, kwa kuwa nilisikia mtu aliyesoma akisema. Lakini katika maelezo yote hayo hukutaja hata mara moja mtakavyoshuka.

Mita 25 si kimo kigeni kwangu. Minazi mikongwe ya shamba letu haiko mbali na hapo. Mkwezi anapopanda, jicho hutangulia mkono. Anaposhuka, mguu ndio hutafuta kidato asichokiona, kidole gumba kikipapasa shina, na hapo ndipo mapaja huanza kutetemeka. Jiwe halina vidato vilivyochongwa na mtu. Kwa hiyo kila ukipanda hatua tatu, tazama ulikopita, na usiliachie jiwe la mkono huu kabla hujalijaribu la mkono wa pili. Wamaasai husimulia kwamba mnara ule ni bibi harusi aliyegeuka jiwe kwa kuwa alitazama nyuma alipokatazwa. Mimi babako nakuomba utazame nyuma.

Mnazi wa kisimani unaujua, sina haja ya kuusimulia. Wenzangu wa barazani walikuwepo, nikataka waone mwanangu anavyokwea, na ulipofika juu nikashughulika na sifa walizokuwa wakinipa. Ulishuka peke yako. Kovu la paja lako nimeliona miaka yote hii.

Basi wewe usipande kwa ajili ya macho ya watu, hasa yule mwenzako wa kupiga picha. Muulizeni kiongozi namna ya kushuka kabla hamjamlipa, na asiyeweza kuwaonyesha kamba yake mchana kweupe msimfuate. Viatu ulivyonionyesha nyayo zake zimelika. Nimekutumia shilingi elfu mbili, na usizigeuze bando kama zile za mwezi uliopita. Mvua ikinyesha, hata mbali, msipande wala msiingie kwenye korongo, kwani Aprili 2012 vijana saba walifia humo kwa mafuriko ya ghafla. Ukiwa juu usinipigie simu. Nipigie miguu yako ikiwa imekanyaga chini, na mkono wako umekwisha kutulia.

Paa la jiko linavuja upande wa birika, nami nimenunua makuti ya kuliezeka upya kabla ya mvua. Dadako amepona homa. Mamako anauliza kama blanketi alilokupa linatosha baridi ya huko. Mnazi wa kisimani umezaa sana mwaka huu, lakini sijamwita mkwezi wa kukodi. Nimekuwekea mpaka likizo, nami nitasimama pale pale mpaka utakaposhuka.

Ni mimi babako.