Sangara hukaguliwa, midomo ya binti zetu je?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nimekata minofu ya sangara miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja hapa Mwanza, mpaka magoti yaliponistaafisha, kwa hiyo nitaanza na samaki ingawa barua yangu ni ya midomo.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa letu, kwa hofu ya sumu ambayo baadhi ya watu walikuwa wakivulia, tulikaa nyumbani tukila akiba. Tuliporudi kazini tulikuta mambo yamekazwa. Gambuti zipite kwenye maji ya klorini, nywele zifichwe zote, kisu kikianguka hakirudi mezani mpaka kioshwe upya. Ukionekana na mchubuko kidoleni, siku hiyo hugusi mnofu. Kila miezi sita tulipimwa afya, choo na damu. Tulinung'unika sana, lakini tulielewa. Na yote hayo ni kwa samaki ambaye mlaji wake atamkaanga kwanza!

Sasa sikia. Mtoto wa marehemu mdogo wangu, ninayeishi naye hapa Kirumba, alikuwa afanyiwe sendofu mwishoni mwa Agosti. Wiki tatu kabla, akaenda kwenye chumba kimoja mjini, ghorofani, kuchorwa lipsi. Hii si rangi ya kupaka ukafuta. Ni tatoo: kimashine chenye sindano kinachoma mdomo mara nyingi na kuacha wino chini ya ngozi, ili uamke asubuhi midomo ikiwa ya waridi bila kujipaka. Alilipa shilingi 150,000, ambazo kwa sisi wa dagaa si pesa ya kuokota.

Siku ya kwanza midomo ilivimba, akasema ndiyo kawaida yake. Siku ya pili alikula uji kwa mrija. Siku ya nne, nilipomlazimisha avue mtandio, nilikuta malengelenge yamejipanga kama mayai ya samaki, mengine yamepasuka na kutoa maji ya njano. Nikamchukua mpaka hospitali.

Daktari, binti mdogo tu, hakuuliza kwanza habari ya saluni. Aliuliza: "Mama mkubwa, huyu huwa anatoka vidonda vya homa mdomoni?" Nikasema ndiyo, tangu utotoni, kila akiugua malaria. Akatueleza kwamba vile vidonda si vya malaria, ni vya virusi ambavyo zaidi ya nusu ya watu wa dunia walio chini ya miaka 50 wanavyo. Vinalala kwenye mshipa wa fahamu, na homa, jua kali au sindano ya mdomoni huviamsha. Mtu wa namna hiyo akitaka kuchorwa hupewa kwanza vidonge vya kuvizuia. Lilikuwa swali moja tu la kuulizwa kabla ya kuwasha mashine, na halikuulizwa. Wala hakuulizwa kama kwao kuna makovu ya kuvimba. Yapo: mimi ninalo moja sikioni, la tundu la hereni nililotobolewa mwaka 1984.

Baadaye nilipanda ile ghorofa mwenyewe. Nilikwenda na hasira nikakuta msichana mwenye heshima, akanikaribisha kiti na kuniamkia vizuri. Alijifunza wiki mbili, nyingi kwa video za simu. Sindano alinionyesha, mpya, ndani ya pakiti, na ninamwamini. Lakini macho yangu yamezoea meza ya minofu. Kichupa cha wino kilikuwa kimoja kwa wateja wote, sindano inachovya, inachoma, inachovya tena. Mpini wa mashine alikuwa anaufuta kwa pamba na spiriti. Dawa ya ganzi ilikuwa kwenye kikopo kisicho na lebo. Nilipomuuliza imetoka wapi, alisema "Kariakoo", basi.

Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa nje ya mwili siku saba na zaidi vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza. Sindano mpya ina faida gani ikichovya kwenye wino wa jana? Ndiyo maana daktari alimpima binti yangu homa ya ini na Virusi vya Ukimwi, akamwanzishia chanjo ya homa ya ini, na akataka arudie vipimo.

Sipingi urembo. Bibi yangu kule Magu alikuwa na chale za urembo tumboni, na mimi hina siachi. Ninachouliza ni hiki: yule msichana anakaguliwa na nani? Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango, na iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Wino unaoingia chini ya ngozi ni wa nani hapo? Na ile ganzi? Kijana wangu amenisomea kwamba Ulaya, wale wale waliozuia sangara wetu, tangu Januari 2022 wameweka ukomo wa kemikali zaidi ya 4,000 kwenye wino wa tatoo. Najiuliza vichupa vilivyokataliwa kule vimeelekea wapi.

Bwana afya wa kata yetu huwafikia mama lishe wa Mwaloni, akawauliza kadi za kupima afya na kufunua masufuria. Apande na ghorofani. Aulize wino kila mteja unamiminwa kwenye kikombe chake au hapana, mpini unavishwa mfuko wa kutupa au hapana, sindano zilizotumika zinatupwa wapi. Akikuta kasoro asimfungie yule msichana na kuondoka, amfundishe, maana akifungiwa atahamia chumbani kwao na mashine yake, na huko hatumfikii tena.

Binti amepona, ila mdomo wa juu umebaki na mabaka, upande mmoja waridi, mwingine mweusi. Sendofu tumeisogeza hadi Novemba, na upande wa bwana harusi tumewaambia ukweli. Alhamisi anachoma chanjo ya pili.

Mama mkubwa wa bibi harusi,
Kirumba, Mwanza