Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: stima, mashine za zamani na betri za UPS

Ndugu wanachama, salaam aleikum na habari zenu. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea mwenyewe, mimi nazungumzia ile kazi mlotupa mwaka jana, kwamba saiba zetu, haya maduka ya kompyuta na intaneti, zipunguze kuchafua mazingira, na naanza na stima maana hapo kila mtu anaumia mfukoni.

Ukipita usiku kwenye maduka yetu, geti imeshushwa, kufuli imepigwa, ukichungulia ndani skrini zote zawaka na samaki wanaogelea. Jamani hiyo picha ya skrini seva haiokoi stima hata kidogo, ilitengenezwa kulinda vioo vya zile skrini za mgongo mkubwa. Piga hesabu, mashine kumi zikivuta wati 100 kila moja na skrini yake, saa kumi za usiku, ushamaliza yuniti 10 na hakuna mteja hata mmoja. Halafu kuna wanaosema stima ya Kenya ni safi, sawa, zaidi ya asilimia 80 ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua, lakini jioni mzigo ukipanda mitambo ya Kipevu hapa hapa kwetu Mombasa inachoma mafuta mazito. Basi zimeni ukutani. Na printa ya leza isiyo na kazi iacheni ilale, ile rola yake ya moto ndio mlaji mkubwa.

Karatasi sina mengi, muonyeshe mteja kazi kwenye skrini kabla hujaprint, hizi CV zenye mistari miwili ukurasa wa pili zimetosha.

Kubwa la mwaka huu lilikuwa Windows 10. Tarehe 14 Oktoba Microsoft waliacha kuihudumia, na Windows 11 inakataa mashine nyingi tulizonazo kwa ajili ya prosesa na chipu ya usalama ya TPM, basi wauzaji wa ex-UK, zile mashine za mitumba za Uingereza, wakaanza kutupigia simu kama tunadaiwa. Msimamo wa kamati ni msikimbilie kununua. Laptop nyingi, sehemu kubwa ya hewa chafu yake ishatoka kiwandani kabla hujaibonyeza swichi, kwa hivo ukiitupa ikiwa nzima yote hayo yanaanza upya. Kuna mwaka wa ziada wa ulinzi wa Windows 10 mpaka Oktoba 2026 ukijisajili, na waliotaka tuliwawekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na SSD, diski ya kasi, mashine ilokuwa inawaka mteja ashamaliza chai sasa inafunguka haraka, na eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, iko kwenye brauza tu, mteja hata hajui kumebadilika nini. Printa zingine za zamani zilileta ukorofi na Linux, hilo mjue mapema, bakisheni mashine moja ya Windows kwa kazi hizo.

Sasa betri za UPS, kile kisanduku kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea, na hapa nasema kwa ukali kidogo. Wengine bado mnawauzia watu wa skrepa kwa kilo. Ndani mna madini ya risasi na asidi, na sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kuambiwa hivo, mtaa wa Owino Uhuru pale Jomvu kiwanda kiliyeyusha risasi ya betri kuukuu katikati ya watu, watoto wakaingia sumu kwenye damu, mwanaharakati Phyllis Omido akapigana mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, halafu kesi ikaenda rufaa miaka mingine. Bei ya skrepa yako hailipi hata dawa ya mtoto mmoja.

Kamati inaomba mkutano upitishe stoo ndogo ya kukusanyia betri na mashine zilokufa, tukipata mzigo wa kutosha tuupeleke kwa wachakataji wenye leseni, nauli itoke kwenye mfuko wa chama. Tutapiga kura baada ya chai. Wenye betri nyumbani zileteni zikiwa wima, vichwa vimezibwa na selotepu, na msiziweke kwenye boda pamoja na jiko la gesi kama nilivyoona juzi.