Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mikoko na Magofu ya Kilwa Kisiwani

Ndugu wanachama, wazee wetu wa kisiwani na wageni waalikwa,

Assalamu alaykum. Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, naleta mbele yenu taarifa ya kazi tulizozifanya kwa kujitolea katika mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa. Naomba mnivumilie nikikaa zaidi kwenye upandaji wa mikoko, kwa sababu ndiko tulikokosea, ndiko tulikojifunza, na ndiko linakotoka pendekezo nitakaloliweka mbele yenu.

Mtakumbuka kwamba kamati ya mazingira iliamua kupanda mikoko kwenye ufuo ulio wazi karibu na Gereza, ile ngome ya kale, ambako maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa kupita kawaida, yamekuwa yakila ardhi mwaka hadi mwaka. Tulikusanya mbegu za mkoko, zile ndefu mfano wa mkuki ambazo huchipua zikiwa bado zinaning'inia kwenye mti mama, tukazichomeka mchangani mstari kwa mstari, watoto wa kisiwani wakitusaidia. Baada ya bamvua ya pili nilikwenda pale maji yakiwa yamekupwa, nikakuta nyingi zimeng'olewa na mawimbi, na zile chache zilizosimama zimegandiwa na vijidudu vya baharini vyenye magamba hadi zimepinda kwa uzito. Nilichomoa moja nikaitazama: chini haikuwa na mzizi hata mmoja.

Kosa hilo ni letu sote, na mimi kama mwenyekiti nalibeba mbele. Mkoko ni mti wa tope lililotulia, nyuma ya wenzake. Mstari wa mbele unaopokea mawimbi ni wa mlilana, na penye mchanga mchanga hukaa mchu, ambazo ni aina nyingine za mikoko. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ametuambia hayo kabla hatujaanza, nasi tukaona haraka ya kupanda ina faida kuliko kusikiliza. Tumekwenda kwake kumwomba radhi, ametupokea kwa moyo mkunjufu na amekubali kutuongoza. Kwa ushauri wake sehemu kubwa ya ufuo ule sasa hatupandi kitu, ila tunalinda michipukizi ya mlilana iliyoota yenyewe isikanyagwe wala kukatwa, na mkoko tumeuhamishia kwenye tope la ndani, ambako hadi naandika taarifa hii unatoa majani mapya.

Upande wa urithi, kazi kubwa imekuwa kufyeka vichaka na kuondoa miche iliyoota juu ya kuta za Msikiti Mkuu, chini ya usimamizi wa wataalamu wa mambo ya kale, ambao bila idhini yao hakuna mwanachama anayeruhusiwa kugusa jiwe. Ni kazi ya subira. Mti wa jamii ya mkuyu ukishapenyeza mzizi ndani ya ukuta, anayeuvuta kwa nguvu huutoa pamoja na kokoto na chokaa ya katikati, na ukuta hubaki maganda mawili yasiyoshikana. Kwa hiyo shina hukatwa, mzizi ukaachwa ufe humo humo, kisha ufa ukazibwa kwa chokaa. Narudia kwa wanachama wapya kwamba tunatumia chokaa, si saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe lenyewe, hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe ndilo linalomomonyoka pembeni mwake.

Hesabu ya ndege wa tope imefanyika kama kawaida, na daftari liko kwa katibu. Kurekodi simulizi za wazee pia kumeendelea. Tunazo sasa namna kadhaa za kusimulia jinsi mtoto wa mfalme kutoka Shirazi alivyokinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, na tumeamua kuzihifadhi zote kama zilivyosemwa, bila kuzisawazisha.

Sasa nije kwenye pendekezo. Kamati yenu ya utendaji inaomba kamati ya mazingira na kamati ya urithi ziunganishwe ziwe moja. Najua baadhi ya wanachama wa kamati ya urithi wanahofu kwamba fedha zao zitakwenda kwenye miche, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini tuangalie mji huu ulijengwa kwa nini. Kuta ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Mapambo ya mihrabu yalichongwa kwenye matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi na laini. Chokaa ilichomwa juu ya magogo. Na vyumba vingi vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Msikiti ambao Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua katika karne ya 14, na mji ambao Ibn Battuta aliusifu alipoufikia mwaka 1331, vilitoka katika bahari na misitu hii hii.

Hata hatari inayovikabili ni moja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Miongoni mwa yaliyoyahatarisha ni kumomonyoka kwa ufuo, na fundi hodari namna gani hawezi kuuponya ukuta ambao ardhi iliyo chini yake inachukuliwa na maji. Katika mwaka huu kamati mbili zilifanya kazi hatua chache kutoka moja hadi nyingine, kila moja na ratiba yake, na siku ya kupanda mikoko hapakuwa na mtu wa kamati ya urithi wa kutuonyesha msingi wa zamani unapopita chini ya mchanga. Tulichimba mashimo mahali ambapo hatukupaswa kuchimba, na tuliacha tu kwa sababu mwanachama mmoja alipita akatuona.

Pendekezo litapigiwa kura leo baada ya taarifa ya mweka hazina. Likipita, kamati mpya itaanza na ukaguzi wa ufuo wote kuanzia Gereza hadi Makutani, lile jumba la kale, kwenye bamvua ijayo, maji yakiwa yamekupwa, na wanaotaka kushiriki waandikishe majina kwa katibu kabla ya kuondoka ukumbini.

Mwenyekiti