Taulo ya bei nafuu: ije na mzani, isije na lebo peke yake

Mwezi wa tano mwaka jana, masika yamekaza, mama mmoja wa Langoni, mtaa wa hapa mjini Lamu, aliingia dukani na taulo mkononi, akaitua mezani. "Inuse," akaniambia. Sikuwa na haja ya kuinama. Uvundo ulikuwa umeshanifikia. Taulo nene, nzuri, ya bei, na aliyemuuzia ni mimi. "Siku ya tatu hii haijakauka. Na nikijifuta, maji yanabaki mwilini."

Alikuwa na haki yake. Nilimuuzia taulo ya watu wenye mashine za kukaushia nguo, naye anaanika kwenye ua wa ndani ya nyumba unaopata jua saa mbili kwa siku, tena siku ya kheri. Taulo ikishinda na unyevu, ukungu huingia kwenye vitanzi vya pamba, na hapo hata sabuni ya unga haifui dafu. Nilimrudishia pesa zake. Tangu siku hiyo taulo nene tunaleta chache mno, za nyumba za wageni za Shela zinazoagiza wenyewe.

Unene hupimwa kwa gramu kwa kila mita mraba. Kwenye lebo utaona herufi GSM na nambari. Kwa hewa yetu ya baharini mimi nasema 350 hadi 450. Ikifika 600 inapendeza kuishika, lakini kuikausha ni kazi. Sasa, lebo mtu yeyote anaweza kuichapa. Taulo ya kuogea ya sentimita 70 kwa 140 ina karibu mita mraba moja kamili, kwa hivyo uzani wake kwa gramu ni kama sawa na nambari ya lebo. Iliyoandikwa 400 iwe na gramu 390 hivi. Tulipata kuletewa bando limeandikwa 500. Mzani wa unga ukasema 340. Tulilirudisha, na nauli ya boti hadi Mokowe, upande wa bara, ikawa juu yetu. Kwa hivyo mzani wetu uko pale pale mezani, na hakuna atakayekutazama vibaya ukiutumia.

La pili ni pamba. Chomoa uzi mmoja kwenye upindo, uwashe kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikabaki tone gumu kama ushanga. Poliesta hukauka upesi, sikatai, lakini kila ukifua hutoa vinyuzi vya plastiki visivyoonekana, na maji ya kufulia mji huu yanajulikana yanakoishia. Mji uliounda jahazi kwa taka za plastiki na kandambili, likaenda hadi Zanzibar mwaka 2019, si wa kuuziwa taulo za plastiki kwa jina la pamba.

Wateja huuliza sana taulo za mianzi. Mwanzi wenyewe ni mmea mwema, hukua haraka, lakini ili uwe uzi laini kwa kawaida huyeyushwa kwa kemikali kali, na kinachotoka ni viskosi, uzi wa kutengenezwa kiwandani. Sizileti. Kuhusu alama za ithibati kwenye lebo, GOTS yenye neno "organic" maana yake angalau asilimia 95 ya nyuzi zimelimwa kwa kilimo hai. OEKO-TEX Standard 100 ni jambo lingine: kitambaa kimepimwa kisiwe na vitu vya kudhuru mwili, lakini haikwambii pamba ililimwaje. Zote mbili hupandisha bei. Mwenye mfuko mdogo asijione mkosaji. Taulo ya pamba tupu inayodumu miaka minne inaishinda yenye alama tatu iliyochanika upindo baada ya mwaka.

Na kufua. Taulo mpya ifue mara mbili kabla ya kuitumia, maana kiwandani hupakwa dawa ya kuifanya ing'are dukani, na dawa hiyo ndiyo inayozuia kunyonya maji. Usiitie dawa ya kulainisha. Inaifunika pamba kama mafuta. Maji ya visima vingi mjini ni ya chumvi chumvi, sabuni haitoki vizuri, taulo inakuwa kavu kama papa wa ng'onda. Tia nusu kikombe cha siki kwenye ndoo ya mwisho ya kusuuzia. Ila usichanganye siki na jiki kabisa: hutoa hewa ya sumu, na vyoo vyetu vina madirisha madogo.

Mwisho niseme jambo la kujipunguzia mauzo. Kama nyumba yako haina pa kuanika, nunua kikoi. Kikoi cha pamba kinakausha mwili vizuri, kinakauka kwa upepo wa kusi kabla ya adhuhuri, na bei yake huwa chini ya taulo. Yule mama wa Langoni sasa ana viwili vya kuogea, na taulo moja nyepesi ya wageni. Ile nene hakuichukua tena. Tuliikata vipande vinne, fundi jirani akapiga upindo, na kimoja ndicho ninachofutia mzani.