Mgeni wa Mwanza aanzie gatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Kuna kijitabu cha wageni kinachogawiwa mapokezi ya hoteli hapa Mwanza. Mjukuu wangu anayefanya kazi hotelini aliniletea kimoja, nikakisoma nikiwa kwenye foleni ya dawa. Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama ziwani karibu na mji, limepewa kurasa mbili na picha kubwa. Kurasa nyingi zinazofuata ni Serengeti. Bandari imepata mstari mmoja tu, wa kusema kwamba ipo.

Nilikuwa karani wa mizigo bandarini mpaka nilipostaafu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi sifichi kwamba navutia kwangu.

Sina ugomvi na jiwe. Ni zuri, hasa jioni ukilitazama kutoka kivuko cha Kamanga. Lakini lina jina la Chansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kulitia machoni, na tangu lisimame hapo halijampa mtu mkate. Mji huu umelishwa na pamba, samaki na ndizi, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo imepita gatini.

Wajerumani walifungua kituo chao hapa mwaka 1892. Pamba ya Usukuma ilipoanza kupatikana hapakuwa na reli ya kuipeleka Dar es Salaam. Ilipakiwa melini, ikavuka ziwa hadi Kisumu ambako reli ya Waingereza ilikuwa imefika tangu 1901, kisha ikashuka Mombasa. Yaani koloni la Mjerumani lilitokea mlango wa Mwingereza! Julai 1916 Waingereza hao hao wakauchukua mji. Reli yetu kutoka Tabora ilifika 1928. Mgeni akishayajua hayo, hatashangaa kuona kwenye bandari ya Mwanza Kusini reli imeshuka mpaka ukingo wa maji ili behewa liingie melini zima zima. Na akiambiwa habari za Paul Bomani na wakulima wa pamba wa miaka ya 1950, waliochoka kupunjwa kwenye mizani wakaunda ushirika wao, ataelewa kwa nini sisi makarani wa zamani hatuamini mzani wowote mpaka tuukague wenyewe.

Mimi ningempeleka bandari ya Mwanza Kaskazini asubuhi na mapema, meli ya kutoka Bukoba, MV Victoria, inapoingia. Meli hiyo ilijengwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Mombasa na kwa treni hadi Kisumu, ikaungwa upya huko na kuanza kazi 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, ikabaki kwetu. Ikaja kukaa kimya kwa miaka, mpaka ikarudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa.

Asimame pembeni atazame inavyofungwa. Baharia anarusha kwanza kamba nyembamba yenye kifundo kizito. Mtu wa gatini anaidaka, anaivuta mkono kwa mkono, na nyuma yake inafuata kamba yenyewe, nene kama paja, ambayo kitanzi chake huvikwa kwenye kisiki cha chuma. Ngazi haijakaa sawa, wapagazi wameshapanda. Ndizi zinaposhuka, kila mwenye mzigo ana alama yake: huyu kafunga kitambaa chekundu kwenye kikonyo cha mkungu, yule kachanja mikato miwili kwa kisu. Alama ikifutika, hapo ndipo ugomvi unapoanza, na karani huitwa kuwa hakimu. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, huja ndoo kwa ndoo, na nusu ya abiria wanatafuna.

Asifichwe pia habari za meli nyingine, MV Bukoba. Ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa safarini kuja hapa, na mamia ya watu walipotea. Makaburi na mnara wao viko Igoma. Siku ile nilikuwa zamu. Kijitabu hakisemi neno, nadhani kwa kuogopa kumharibia mtu likizo.

Kutoka bandarini aende mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Harufu ataizoea. Aulize mwezi ukoje, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wanapumzika, wanashona nyavu, na bei sokoni inapanda. Ataona magunia yakipangwa kwenye malori ya Kongo. Akitaka kayabo, ni sangara aliyetiwa chumvi na kuanikwa. Anunue kidogo kwanza.

Mengine yapo, na kijitabu kimeyataja vizuri: kisiwa cha Saanane, makumbusho ya Wasukuma Bujora, na sasa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ambalo limetuondolea ile foleni ya kivuko. Kageye ya Magu, alikounganishia mvumbuzi Stanley mashua yake mwaka 1875, imesahauliwa.

Ombi langu kwa wahusika ni kwamba toleo lijalo lianze na bandari. Pia pale langoni pawekwe ubao wa historia, Kiswahili kikitangulia. Wasipokuwa na mwandishi, wachukue aya hii bure:

“Karibu Mwanza. Asubuhi ukikutana na mzee, mwambie ‘Mwangaluka’, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, umsubiri akuitikie kabla hujauliza njia. Vaa koti, upepo wa ziwa alfajiri ni baridi. Ukifika gatini omba ruhusa kwa mlinzi kabla ya kupiga picha, usisimame kwenye njia ya mikokoteni, na usiikanyage kamba iliyokaza.”

Karani mstaafu,
Kirumba, Mwanza