Kuvuta nyuzi kwenye besi: mwacheni kijana avute, ila sio pale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa huu huu kwamba vijana wanaopiga gitaa la besi saivi wameharibika, wanavuta nyuzi (yani wanausukuma uzi pembeni kwa kidole mpaka noti ipande) kama wanapiga gitaa la solo, na eti viongozi wa bendi na kwaya wawapige marufuku. Nilisoma nikacheka, baadae nikaona hapana, hili niliandikie, maana mi nimeshika besi hapa Tanga tangu nina nywele kichwani na hiyo hiyo kuvuta uzi imeshaniaibisha mbele za watu, kwahiyo nadhani nina haki ya kusema mawili matatu.

Hapo aliposema besi haikuumbwa kuvutwa, hapo hapana bwana. Jack Bruce wa kundi la Cream kule Uingereza miaka ya 1960 alikuwa anazivuta anavyotaka, na besi aliyoshika ilikuwa Gibson EB-3 yenye shingo fupi, uzi wake kuanzia juu mpaka kwenye daraja ni kama inchi 30, wakati Fender Precision iliyoingia sokoni 1951, ambayo ndo mama wa hizi tulizonazo wengi, ni inchi 34. Uzi mfupi unalegea kidogo, kidole kinauweza. Geezer Butler, mpiga besi wa kundi la Black Sabbath, nae hivyo hivyo, mwenzake Tony Iommi akivuta uzi wa gitaa na yeye anavuta wa besi, wanapanda wote. Hapo msomaji wetu angesimama kidogo afikirie, kwasababu ndo siri yenyewe ilipo: wanapanda wote! Na mara nyingi hapo jukwaani ni gitaa moja, besi moja na ngoma, hamna kinanda kinachosema mimi nimebaki hapa hapa.

Sasa njoo kwetu. Bendi yetu ya harusi ilikuwa na kinanda, gitaa la rithim, gitaa la solo, waimbaji wanne na tarumbeta moja ya kuazima. Siku hiyo bibi harusi anaingia ukumbini, wimbo wa taratibu, ki C (yani wimbo mzima umeegemea noti ya C), mimi usiku uliopita nilikuwa nimeshinda nasikiliza kanda za Wazungu nikajiona nimeiva, basi mwimbaji anafika mwisho wa mstari anaivuta ile sauti ndefu nami nikauvuta uzi wa A kwenye freti ya tatu, vile vyuma vya kwenye shingo, ile C yenyewe, nikaupeleka juu. Uzuri nilioutaka mimi sikuusikia. Nilichosikia ni mwimbaji ananifuata mimi badala ya kinanda, mpiga kinanda nae anadhani yeye ndo kakosea anatafuta C sharp, noti ya juu yake, na wale waitikiaji kila mtu akaingia na ki yake. Sekunde nne labda, lakini bibi harusi alisimama katikati ya ukumbi kama kaitwa. Mzee wetu wa rithim, Mungu amrehemu, hakugomba. Wimbo ulipoisha akanisogelea sikioni akaniambia, "Mwanangu, ile C yetu umeipeleka wapi? Irudishe, tuna kazi nayo mpaka saa sita."

Nimekuja kuelewa baadae kilichotokea. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiupiga bila kubana freti yoyote unatetema kama mara 41 kwa sekunde, na F inayofuata ni karibu 44. Yani huko chini ukihangaika na kidole mpaka kinataka kukatika, ukapandisha nusu toni nzima, umesogeza mitetemo miwili na nusu tu. Aliyekaa kwenye kiti hasikii kwamba noti imepanda kwa mbwembwe, anasikia besi imechafuka, inagombana na kinanda, ule mlio wa wuu wuu wuu kwenye spika. Lakini nenda uzi wa G, ule mwembamba, freti ya 12, pale mitetemo ni 196 na noti ya mbele yake ni kama 208, pale hata muuza soda nje ya ukumbi anasikia kwamba jamaa kavuta. Alafu pale ni katikati ya uzi, ni laini, tofauti na freti za mwanzo ambako unapigana na chuma. Na ni chuma kweli, seti ya kawaida ya besi inaanzia unene wa inchi 0.045 kwa G mpaka 0.105 kwa E, wakati ule uzi mwembamba wa gitaa la solo ni 0.010 au chini ya hapo, kwahiyo kijana anayemuiga mpiga solo kidole kwa kidole anajitafutia maumivu bure. Tumia vidole vitatu visukumane, uzi wa G usukume kwenda juu upande wa uso wako, ukiuvuta chini utatoka nje ya shingo na utaaibika.

Nirudi kwenye muziki wetu. Kwenye dansi mi sioni kazi ya kuvuta na simung'unyi maneno. Sikiliza bendi ya Sikinde iliyoanza 1978, au Msondo wa zile enzi ulipokuwa unaitwa NUTA Jazz, besi inaongea kwa kuruka na kunyamaza, inasema neno inaacha shimo, kwenye lile shimo ndo solo na rithim zinapishana. Ukija kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, magitaa matatu yanasukana kama ukili, sasa wewe uzi unaouvuta utaupitishia wapi? Noti inayovutwa inahitaji muda wa kupanda na muda wa kutulia, na dansi haikupi huo muda.

Ila taarabu, hapo ndo msomaji wetu nadhani hajafika. Taarabu ya Unguja yenye asili ya Kiarabu, kama wanavyopiga Ikhwani Safaa ambao wapo tangu 1905, ina sauti zinazokaa katikati ya noti mbili za kinanda, fidla inazitoa, udi unazitoa maana hauna freti, ganuni ina vile vishikizo vya kupandisha kidogo kidogo, na lile besi kubwa la kusimama halina freti pia. Sasa wewe umeitwa na gitaa lako la besi lenye freti wanapiga maqamu ya rast, mpangilio mmoja wa noti za Kiarabu, noti ya tatu haipo kwenye shingo yako! Aidha uiruke, aidha ubane ile ya chini yake uuvute uzi robo toni, kidogo tu, mtu asijue. Mi nimeshavuta hivyo na wazee wakatikisa kichwa vizuri. Hapa kwetu Tanga, kwa Black Star na Lucky Star walioweka magitaa ya umeme na besi kwenye taarabu, ilikuwa karibu zaidi na dansi na haja hiyo ilikuwa ndogo, lakini ukivuka maji unaihitaji.

Kwahiyo marufuku ya nini? Huyu kijana anayepiga kwenye kwaya jirani na kwangu anavuta sana, ni kweli, na mara nyingine anaudhi. Nilimwita barazani nikamwambia mwimbaji akiwa na mdomo wazi wewe vidole vyako vinyooke, na noti ya kwanza ya kila kodi (zile noti zinazopigwa pamoja) usiivute, hiyo wenzako wote wameiegemea. Ukitaka mbwembwe teleza kutoka freti kwenda freti, utafika pale pale na noti utaikuta safi. Wakinyamaza wote wakakuachia besi peke yako, panda juu huko uvute mpaka uchoke. Ameelewa, Jumapili iliyofuata alivuta mara moja tu na ilikuwa tamu, nikajikuta nimesema eeh.

Jambo la mwisho ni la mfukoni. Seti moja ya nyuzi za besi inakula pesa ya shughuli nzima, na sote tunajua tunachofanya, tunazivua tunazichemsha kwenye sufuria mafuta na uchafu vitoke tunazirudisha. Sawa, zinaamka. Ila uzi uliochemshwa mara mbili tatu usiuvute kabisa, ule waya wa nje uliozungushwa unaachia, na pale unapoachia unaingia kwenye nyama. Kidole changu cha pete kina alama mpaka leo.

Mpiga besi wa zamani,
Tanga