Nota za Tannhäuser za mwaka 1845 zisivunjwe kurasa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu biashara ya vitabu vya kale vya muziki ilieleza vizuri kwa nini nota za opera za Kijerumani zinatafutwa na wakusanyaji, ila iliteleza pale iliposema kwamba kitabu kilichochapwa hakiwezi kamwe kuwekwa daraja moja na mswada wa mtunzi, kwa kuwa mswada ni mmoja na nakala za chapa ni nyingi. Kwa vitabu vingi kauli hiyo ni ya kweli. Kwa nota kamili za Tannhäuser, opera ya mtunzi wa Kijerumani Richard Wagner, zilizochapwa mjini Dresden, Ujerumani, mwaka 1845, si ya kweli hata kidogo, na kosa hilo linaweza kuleta hasara, kwa sababu makala iyo hiyo iliona hakuna ubaya nakala ya namna hiyo ikiuzwa ukurasa mmoja mmoja.

Katika zama zile wachapishaji walipendelea kutoa nota za waimbaji na piano, ambazo zilinunuliwa na watu waliopenda kuimba majumbani mwao. Nota kamili, zenye mstari wa kila ala ya okestra, zilikuwa na wanunuzi wachache, na kwa kawaida zilinakiliwa kwa mkono kila jumba la opera lilipoziagiza. Hata Die Zauberflöte ya Mozart, iliyoonyeshwa Vienna kwa mara ya kwanza mwaka 1791, ilisubiri hadi 1814 ndipo Simrock wa Bonn akachapa nota zake kamili. Wagner, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa muziki katika jumba la kifalme la Dresden, hakutaka kusubiri. Alichapisha opera zake kwa gharama yake mwenyewe, kwa fedha za kukopa, huku C. F. Meser, muuzaji wa nota mjini humo, akisimamia mauzo. Nota kamili za opera zake mbili za awali, Rienzi na Der fliegende Holländer, zilitolewa nakala 25 kila moja, na za Tannhäuser nakala 100. Madeni ya kazi hiyo yalimwandama kwa miaka mingi. 

Jambo lenye uzito ni jinsi nota hizo zilivyochapwa. Mwishoni mwa karne ya 18, Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia wa Bavaria aliyekuwa akitafuta njia nafuu ya kuchapa kazi zake, aligundua lithografia, yaani uchapaji wa juu ya jiwe la chokaa, ambao unategemea ukweli kwamba mafuta na maji havichangamani: palipoandikwa kwa wino wenye mafuta hupokea wino wa kuchapia, na palipolowa maji huukataa. Mwandishi hakulazimika kuandika kinyumenyume juu ya jiwe. Aliweza kuandika kwa kawaida kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi ikagandamizwa juu ya jiwe na maandishi yakahamia huko. Wagner aliandika nota zote za Tannhäuser kwa mkono wake kwenye karatasi za aina hiyo, naye mchapaji akazihamishia kwenye mawe. Rasimu za utunzi zipo, lakini mswada safi wa nota kamili uliharibika katika kazi yenyewe ya kuchapa. Kwa hiyo anayetaka kuuona mwandiko huo hana pa kuutafuta isipokuwa ndani ya nakala zile 100, na ukurasa wa jina unasema waziwazi kwamba nota zimechapwa juu ya jiwe kutoka mwandiko wa mtunzi.

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo nakala zote zinafanana, na mojawapo ikivunjwa hakuna kinachopotea. Mtunzi Robert Schumann, aliyeletewa nota hizo mapema, alimwandikia mtunzi mwenzake Mendelssohn mwezi Oktoba 1845 akikejeli kwamba makosa ya Wagner sasa yamechapwa vizuri na hayafutiki tena, ingawa wiki chache baadaye, alipoiona opera yenyewe jukwaani, aliyafuta mengi aliyoyasema. Katika suala la kufutika, Schumann hakusema kweli. Baada ya maonyesho ya kwanza, yaliyoanza tarehe 19 Oktoba 1845, Wagner alifupisha utangulizi wa okestra wa tendo la tatu, na mwaka 1847 akabadili mwisho wa opera ili Venus, mungu wa kike wa mapenzi, aonekane jukwaani, badala ya kuashiriwa kwa mbali tu. Nakala iliyotumiwa katika jumba la opera inaweza basi kubeba karatasi zilizobandikwa, kurasa zilizobadilishwa na alama za penseli za kiongozi wa okestra aliyekata sehemu fulani. Alama hizo hazina maana mpaka zisomwe pamoja, kwa mpangilio wake, ndani ya jalada lake. Ukurasa mmoja uliotiwa fremu ukutani unaonyesha mwandiko, lakini hausemi ulitoka katika hatua gani ya opera.

Wala tusidhani kwamba miswada iko salama kuliko chapa. Mswada wa Rienzi ulikuwa miongoni mwa miswada ya Wagner aliyozawadiwa Adolf Hitler mwaka 1939 alipotimiza umri wa miaka 50, na tangu mwaka 1945 haujaonekana. Nakala chache zilizochapwa, pamoja na mapungufu yake, sasa ni miongoni mwa mashahidi wakuu waliobaki wa kazi hiyo.

Naomba toleo lenu lijalo lisahihishe sentensi ile kuhusu chapa na miswada. Kwa yeyote mwenye nakala ya mwaka 1845, ombi langu ni kwamba asiifute penseli, asiibandue karatasi iliyobandikwa, wala asibadilishe jalada kabla ya mtaalamu wa maktaba ya muziki kuilinganisha na nakala nyingine ukurasa kwa ukurasa. Na akiamua kuiuza, aiuze nzima.

Wenu katika kupenda muziki,
Msomaji wa siku nyingi